Mchungwa wa Muhidini

Zinga, 28 Ramadhani, mwaka 1303

Wino huu ni masizi ya chungu cha Tabia, na karatasi ni zile alizofungia chumvi Banyani wa Bagamoyo. Atakayesoma akahisi chumvi kwenye ulimi asinilaumu mimi. Chuoni niliishia Juzuu Amma. Mwalimu alinitimua kwa sababu ya jongoo aliyemkuta ndani ya kiatu chake, na mpaka leo, mvi zimenifika kwenye nyusi, nikikumbuka nacheka peke yangu.

Naandika kwa kuwa machungwa yameanza kugeuka rangi, na mke wangu Tabia anadai kila nikisimulia jambo naliongeza mkia. Haya, mwaka huu nitaliandika siku ileile, na mkia wake uleule.

29 Ramadhani

Magoti yamegoma. Nimepanda mchungwa wa kwanza, nikafika tawi la pili, nikakaa huko kama kuku aliyesahau njia ya kushuka, mpaka Mwaija, mke wa mwanangu Muhidini, alipoleta kinu akakipindua nikakanyaga. Vijana wa kuangua wote wako bara na misafara, wanabeba mizigo ya watu.

Tabia akasema, "Basi wenye kutaka waje wachume wenyewe."

Nimepeleka habari mjini kwa wauza kuni. Njoo Zinga, lete kibaba cha mchele, au chumvi, au samaki wa ng'onda, ujaze pakacha lako kwa mikono yako. Miti yote ni halali isipokuwa mchungwa wa kisimani.

1 Mfunguo Mosi

Idi. Nimekula. Basi.

3 Mfunguo Mosi

Wamekuja! Wanawake wa mjini na leso zao mpya, wamejifukiza udi kama wanaokwenda harusini. Nimewafundisha: chungwa halivutwi, linazungushwa, libaki na kikonyo chake, asiyefikia avute tawi kwa ngoe, mtu asipopoe kwa fimbo. Habari za majimoto sikuwapa. Wale wadudu wekundu hushona majani wakafanya nyumba, na tawi likitikiswa hushuka kuuliza ni nani. Zuleha, mke wa mshona kofia, amecheza ngoma ambayo haijapata jina.

"Mzee Kibwana! Mbona hukusema?"

"Nilidhani mmekwisha juana."

Aliyemkung'uta wadudu ni Mnyamwezi mmoja, mpagazi anayengoja msafara wake pale kambini Bagamoyo. Anawapandia wanawake miti, wao wanamlipa machungwa. Jina lake Mihambo. Uso wake umechimbwa na ndui, mashimo matupu, nikamwita Chungwa palepale.

"Wewe Chungwa, shuka, utachumwa kwa makosa!"

"Mtani," akajibu bila kugeuka, "mimi nimebaki ganda, wewe umebaki kokwa."

Nimempenda. Sisi watu wa pwani na Wanyamwezi tunataniana tangu zamani za babu zetu. Mtani hukutukana, huchukua kitu chako bila kuomba, hukuahidi kukuzika kabla jua halijatua, nawe hukasiriki. Ukikasirika wewe ndiye mkosaji.

4 Mfunguo Mosi

Mihambo ameniuliza mchungwa wa kisimani ni wa nani. Nikamweleza. Kitovu cha Muhidini kilipodondoka nilikizika pale kwa mkono wangu, na juu yake nikapanda mche. Mti ni wake. Mwenyewe akiwa safarini hauchumwi. Hata mama yake huomba kwanza, "Muhidini, nachuma," na huchuma moja tu, Ijumaa, akamwekea dirishani mpaka linakauka. Muhidini alitoka na msafara wa pembe, mwaka wa sita huu.

Kuna jambo ambalo sikumwambia Mihambo, na Tabia pia halijui, kwa kuwa ni la baba na mwana. Asubuhi ile ya kuondoka tulikuwa wawili tu kisimani. Nikamwambia, "Usiporudi, nitayala machungwa yako yote, na maganda yake." Akacheka, akafunga mzigo wake, akaenda.

Mihambo nimemjibu kama ninavyowajibu wote: "Usiuguse, mwenyewe anakuja Ijumaa."

Akasema, "Huyo haji, mtani. Nimemfukia mimi kwa mikono hii."

Nimecheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia, "Na wewe nitakufukia ndani ya pakacha, maana kwa mashimo hayo utaichakaza sanda bure."

Akanitazama, akachukua ngoe yake akaenda zake. Mwaija alikuwa kisimani anateka maji. Hakucheka. Siku hizi Mwaija hana mzaha hata wa kukopa.

7 Mfunguo Mosi, Ijumaa

Asubuhi hii, kwenye tawi la chini la mchungwa wa Muhidini, limetundikwa ganda la chungwa. Limemenywa kwa mkato mmoja, tangu kikonyoni mpaka chini, bila kukatika, linaning'inia kama utepe uliosokotwa. Bado bichi, linanukia.

Tabia alipoliona aliketi chini kwenye umande. Katika nyumba hii mtu mmoja tu alimenya hivyo, kisu amekigeuza kinamtazama yeye, kidole gumba kikitangulia kama kipofu anayepapasa ukuta. Na ganda akalitundika. Alipenda kuona upepo ukilizungusha.

"Si nilisema anakuja Ijumaa?" nikasema, nikacheka. Hakuna aliyenifuata. Na mimi mwenyewe kicheko kimenifia njiani.

9 Mfunguo Mosi

Manyunyu. Zuleha amerudi amevaa suruali ya mumewe, ameifunga miguuni kwa kamba. Majimoto wameingilia juu.

12 Mfunguo Mosi

Amekuja Ramadhan wa Kerege, kaka yake Mwaija. Shikamoo, marahaba, kahawa, habari za mihogo, habari za nguruwe mwitu, mpaka nikamwambia, "Mwanangu, toa ulilokuja nalo, litakuozea mfukoni."

Bwanausi, yule fundi wa vitanda, anamtaka Mwaija. Ni mtu mwema na amengoja. Ila Kadhi amesema hawezi kumfungua mke wa mtu mpaka apatikane aliyeyaona mauti ya mumewe, au baba wa mume akiri kwa kinywa chake kwamba mwanawe amekufa, na matanga yawekwe.

"Mwanangu hajafa," nikasema. "Amekula chungwa Ijumaa hii. Nenda kaangalie ganda."

"Mzee wangu," akasema Ramadhan polepole, "aliye hai huja mlangoni akabisha hodi."

Kahawa yake ameiacha nusu. Nimeimaliza mimi.

14 Mfunguo Mosi, Ijumaa

Ganda la pili. Kusi inavuma, linazunguka, linajifunga, linajifungua. Nimesimama hapo kwa muda mrefu nikisema nitaliondoa. Sikuliondoa.

15 Mfunguo Mosi

Nimewaza. Nani anafaidika? Ikiwa ni mzimu unaokula, Muhidini amekufa, na Mwaija anaolewa. Mwaija anaamka kabla ya ndege. Mwaija alimwona mumewe akimenya mara ngapi? Nikamfuata jikoni.

"Mwaija, mkono wako haujachoka kumenya?"

Aligeuka na mwiko mkononi. Nilidhani ninapigwa.

"Mimi? Baba, mimi nilidhani ni wewe!"

"Mimi!"

"Wewe ndiye unayependa kuchezea watu. Unatundika maganda ili Kadhi aambiwe mume wangu yupo, nikae hapa nikuchotee maji mpaka ninyauke. Kila wiki unasema anakuja Ijumaa, kila wiki. Unajua mimi Alhamisi nalalaje?"

Nikatafuta mzaha, nikaukosa. Hilo halijanitokea tangu siku ya jongoo. Nikarudi barazani nikatazama mikono yangu. Inatetemeka, chungwa nikilimenya huwa vipande kumi. Na ya Mwaija nimeiangalia: imeungua, imepasuka, kucha zimeliwa na majivu. Miaka sita nimekula kwa mikono hiyo bila kuitazama.

21 Mfunguo Mosi, Ijumaa

La tatu.

22 Mfunguo Mosi

Habari imefika mjini. Wachumaji hawaji. Hata wauza kuni wanapita upande wa pili wa njia. Machungwa yanaiva, hayana mtu, yanaanguka. Nikiwa barazani nayasikia: tu. Halafu kimya. Halafu tu, kama mtu mzito anayeshuka ngazi bila haraka. Shamba zima linanuka utamu uliochacha.

Mihambo peke yake amekuja, akaokota yaliyoanguka, akayatia shimoni bila kuombwa. Kisha akaketi karibu nami.

"Mtani, weka matanga ya kijana wako. Mimi nitakuja kupika."

"Wewe ukipika watakufa na waombolezaji."

Nikacheka. Yeye akatazama chini, akawa anachora mchangani kwa kijiti. Nikamwuliza amemeza kokwa? Akasema ndiyo, mtani, limenikwama hapa, akagusa koo.

28 Mfunguo Mosi, Ijumaa

La nne. Tabia ameyafunika yale maganda makavu kwa ungo, anasema hataki yaonekane na jua. Sijamwuliza maana yake.

2 Mfunguo Pili

Nani kaja kuchuma? Bwanausi mwenyewe! Ameleta kibaba chake cha mchele kama mtu yeyote. Nilikuwa nimemwekea maneno makali tangu mwezi jana, yameiva vizuri, nikaanza: "Fundi, umekuja kupima kitanda?"

"Nimekuja kuchuma, Mzee. Watu wanaogopa, nikaona machungwa yataoza."

Alichuma vizuri. Anazungusha, anaacha kikonyo. Mchungwa wa kisimani aliupitia mbali, na alipoupita akausalimu, "Salamu alekum," kama anayempita mwenye nyumba. Hakumtafuta Mwaija kwa macho, naye Mwaija hakutoka ndani. Alipoona ninavyohangaika na magoti akakata miti miwili porini, akafunga ngazi kwa kamba za mgomba, akaiegemeza ukutani, akaaga. Baada ya Idi Kubwa anahamia Saadani, kuna kazi huko. Aliniambia bila kunibembeleza. Ningependa angenibembeleza, ningepata pa kumshikia.

6 Mfunguo Pili, Ijumaa

Lipo.

13 Mfunguo Pili, Ijumaa

Lipo. Mwaija amelipita na ndoo kichwani, akasema pale pale, kwa sauti ya kawaida, "Kama u hai, ingia ndani. Kama umekufa, niache." Halafu akateka maji yake. Nilikuwa nyuma ya ukuta. Nimekaa huko mpaka alipomaliza, kwa kuwa nilikuwa naogopa asije akajibiwa.

19 Mfunguo Pili, Alhamisi

Leo nitaandika mpaka karatasi za chumvi ziishe.

Zuleha alirudi, yeye haogopi mizimu, anaogopa majimoto tu. Jua lilikuwa kali. Alipojaza pakacha akamwambia Mihambo, "Nimenyee moja basi, kiu imenikaba." Mihambo akaketi juu ya kile kinu, chini ya mchungwa wa kisimani, akatoa kisu chake. Akakigeuza kikamtazama yeye. Gumba likatangulia. Ganda likaanza kushuka, refu, jembamba, halikatiki.

Nikapiga kelele, "Tazameni, Chungwa anamenya chungwa!" Neno la mwisho lilitoka bila pumzi. Mihambo alikuwa amempa Zuleha chungwa lake, na kwa mazoea tu, bila kuwaza, mkono wake ukanyoosha ganda na kulitundika tawini.

Akajiona analitundika. Akaniona namwona.

Zuleha akabeba pakacha lake akaenda, anasifu utamu. Tukabaki.

"Mtani," akasema, "leo natoka kwenye utani. Usinicheke."

"Sicheki."

"Nilikuwa naye msafara mmoja. Tulipoipita Mpwapwa, ndui ikamshika. Msafara haumngoji mgonjwa wa ndui. Walimwacha chini ya kivuli na kibuyu cha maji. Mimi ilinipata utotoni, hairudi mara mbili, nikabaki naye. Siku zote alizungumza habari za mti wake, mpaka nikayajua matawi. Hapakuwa na chungwa kule, hapakuwa na kitu. Alikuwa akimenya hewa. Hivi. Anaishika hewa mkono wa kushoto, anaizungusha, halafu anaitundika. Nami kwa kumtazama nikajifunza. Nimemzika kwa mikono hii, upande wa kibla. Alinionyesha ni upi kabla hajakata kauli."

"Lini?"

"Mwaka uleule alioondoka kwako. Kisha nikarudi kwetu, nikauguza mama yangu. Ni mwaka huu tu nimepata msafara wa kushuka pwani."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Siku ya pili tu, chini ya mti huu. Ukacheka, ukanipa sanda ya pakacha. Nikasema tena, ukacheka. Mtani akikutajia mauti unacheka, ndiyo kazi yake. Mdomo mwingine wa kukwambia nilikuwa sina."

Kuku walikuwa wakiparura chini ya mti. Nikamwuliza kuhusu Ijumaa, kwa nini alikula kwa kuiba.

"Mtani haibi. Mtani anachukua. Alinituma mawili. La kwanza, nikifika Zinga nile chungwa lake asubuhi ya Ijumaa kabla sijatia kitu kinywani, kwa kuwa yeye hataweza. Nikaona hujui, nikaona nikilila mbele yako nitakuua. Nikawa nawahi alfajiri, kisha narudi kambini."

"Na la pili?"

"La pili lako. Sikulielewa, ila alilirudia mara nyingi nisilisahau. Alisema, ‘Mwambie baba nimekawia sana. Ayale, na maganda yake.’"

Nilishika ngazi ya Bwanausi. Ndiyo iliyokuwa karibu.

20 Mfunguo Pili, Ijumaa

Nimemwambia Tabia. Nilipanga maneno njia nzima kutoka kisimani mpaka jikoni, hatua chache hizo. Hakulia mbele yangu. Alisema, "Nilipoliona ganda la kwanza nilijua. Mwanangu mzima angekuja kula ndani, angeninyang'anya na chakula changu."

"Mbona ulinyamaza, Mama Muhidini?"

"Nilikuwa nakungoja uchoke kucheka."

Kisha akaenda kulitoa lile chungwa kavu dirishani.

22 Mfunguo Pili

Kwa Kadhi Bagamoyo, mimi, Mihambo na Ramadhan. Mihambo alieleza, nami nikakiri kwa kinywa changu: mwanangu Muhidini amekufa. Maneno madogo. Watoto wa chuo wanayaweza. Mimi yalinichukua muda, na Kadhi hakuniharakisha.

Akahesabu, akasema eda ya mke huanzia siku mume anapokufa, hata kama habari haijamfikia. Ya Mwaija ilikwisha kitambo. Miaka hii yote alikuwa huru, anateka maji yangu, hajui.

Njia ya kurudi sikutaniana na mtu.

23 Mfunguo Pili

Nimemwambia Mwaija. Nilimwambia pia aliyosema Kadhi, na kwamba anaweza kuondoka leo.

Alinitazama sana. "Baba, nimekaa miaka sita kwa ajili ya mtu asiyekuwapo. Siku tatu za kumlilia siwezi kukaa?"

26 Mfunguo Pili

Matanga yamekwisha. Watu walijaa: Zinga, Kerege, mjini. Wachumaji wote walikuja, hata waliokuwa wakipita mbali.

Siku ya tatu Mihambo akafanya kazi yake ya utani. Akaingia chumbani akatoka amevaa kanzu yangu na kofia yangu, akachechemea kwa magoti yangu, akawa anazunguka mchungwa wa kisimani akiwafukuza waombolezaji kwa ngoe: "Msiguse! Mwenyewe anakuja Ijumaa! Msiguse!" Sauti ilikuwa yangu hasa. Watu walicheka wakainama. Nami nikacheka, nikacheka, na katikati ya kicheko kikageuka kitu kingine, na Tabia akanishika kichwa mbele ya watu wote. Hivyo ndivyo nilivyomlilia mwanangu.

Nilipoweza kusema nikasimama. "Mti wa kisimani uko wazi. Njooni mchume wenyewe. Ni sadaka yake."

Hakuna aliyesogea. Mwaija ndiye aliyeichukua ngazi ya Bwanausi, akaiegemeza, akapanda. Akasema, "Muhidini, nachuma." Akalizungusha la kwanza, likatoka na kikonyo chake. Kisha wote. Mpaka Alasiri mti ulikuwa majani matupu. Nimeuzunguka mwenyewe, nimeangalia kila tawi.

1 Mfunguo Tatu

Msafara wa Mihambo umeondoka. Nimemwambia, "Ukifa huko, nani atanitukana?" Akasema, "Kioo, mtani." Amevuka mto Kingani na mzigo wake.

3 Mfunguo Tatu

Mwaija ameondoka na kaka yake kwenda Kerege; baada ya Idi anaolewa, na Bwanausi hahamii tena Saadani. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilikuwa na mzaha wa kumpa, mzuri, wa kitanda. Nikauacha. Nikamwambia, "Nenda, mwanangu. Maji nitateka mwenyewe."

4 Mfunguo Tatu, Ijumaa

Nimekwenda kuteka maji.

Kwenye tawi la chini, ganda. Refu, mkato mmoja, bichi, tone la maji yake bado linaning'inia nchani.

Mihambo yuko bara. Mwaija yuko Kerege. Tabia mikono yake haishiki kisu tangu masika. Mti hauna tunda, niliuzunguka mwenyewe. Sikumwita mtu, na sikuuliza. Kusi ililizungusha mara moja, kisha ikatulia.

"Haya," nikamwambia. "Nyama umekula wewe, siku zote unapenda kuwahi. Nipe maganda yangu."

Nikalitungua, nikaketi ukingoni mwa kisima, nikalila. Lilikuwa kali, likanichoma fizi, machozi yakanitoka, meno haya yaliyobaki yalifanya kazi mpaka jua likapanda. Nimelila lote, mpaka kikonyo.